Bendi za progi zenye ufundi mkubwa: ni kweli hazina roho?

NyuziSita

Wakuu salaam.

Kila ikitajwa roki ya progresivu hapakosi mtu wa kusema: "Hao wanajua kupiga, ila muziki wao hauna roho." Naomba hoja hii tuijadili tukiwa tumezishika nyimbo zenyewe, maana tukiiacha juujuu inageuka ushabiki wa bendi.

Naleta nyimbo mbili. Ya kwanza ni The Dance of Eternity ya Dream Theater, ya mwaka 1999. Dakika sita na ushei, haina uimbaji, na mgawanyo wa mapigo unabadilika zaidi ya mara 100. Ya pili ni Starless ya King Crimson, ya mwaka 1974. Dakika 12, na katikati yake kuna kifungu kirefu cha mapigo 13. Zote mbili ngumu kwelikweli. Lakini Starless watu huisikiliza wamefumba macho, na ile nyingine huisikiliza wakihesabu kwa vidole.

Kwa hiyo siamini kwamba ugumu wenyewe ndio unaoua roho ya muziki. Sasa kinachoua ni nini? Na la pili, la vitendo: bendi inayofanya mazoezi ya wimbo wa 7/8 (mapigo saba kila mzunguko) ifanye nini ili wimbo usitoke mkavu kama hesabu za darasani?

Nawasilisha.

---

Toazi

Mkuu NyuziSita, hiyo Starless hebu tuifungue kidogo, jibu limo humo ndani.

Kama dakika ya nne na nusu hivi uimbaji unakoma. Mwimbaji wao, John Wetton, anabaki na besi, anazungusha kifungu cha mapigo 13 alichokileta mpiga drams wao, Bill Bruford. Juu yake mpiga gitaa Robert Fripp anapiga nota moja. Moja tu, lakini anaipiga kwa kupokezana nyuzi mbili, kwa hiyo kimo ni kilekile ila rangi ya sauti inageuka kidogo kila akihama uzi. Baada ya mizunguko kadhaa anapanda hatua ndogo, anakaa tena. Anaendelea hivyo hadi karibu dakika ya tisa. Bruford mwanzoni hata mdundo hashiki, anagongagonga vitu vidogo vidogo, drams kamili zinaingia polepole sana.

Nota hizo za gitaa mwanafunzi wa miezi mitatu anaweza kuzipiga. Asichoweza ni kukaa nazo dakika nne na nusu bila kuongeza mwendo na bila kuzipamba. Huo ndio ufundi wenyewe, ila umefichwa mahali ambapo mtu anayehesabu kasi ya vidole hawezi kuuona. Kisha muziki unafyatuka, saksafoni zinaingia, na mwisho kabisa ile melodia ya mwanzo inarudi. Hapo ndipo mtu anapata mtetemo mwilini, kwa sababu amenyimwa melodia hiyo kwa muda mrefu na sasa anarudishiwa.

Bruford huyohuyo ana mfano mwingine ambao kila mpiga drams anapaswa kuujua. Novemba 1973 bendi ilikuwa jukwaani Amsterdam, wakaanza kubuni kipande papo hapo: fidla, besi, Mellotron (kinanda kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye tepu). Bruford akakaa amezikunja fimbo zake kifuani mpaka kipande kikaisha, hajapiga pigo hata moja. Kipande kikatoka kwenye albamu ya 1974 kwa jina la Trio, na wenzake wakamwandika kuwa mmoja wa watunzi, kwa sababu kunyamaza kwake kulikuwa uamuzi wa kimuziki. Waliofanya hivyo ni watu wenye ufundi wa hali ya juu kabisa katika progi nzima.

Sasa The Dance of Eternity. Kinachomchosha msikilizaji si hayo mabadiliko 100. Ni kwamba kifungu kinaondoka kabla sikio halijakizoea, kwa hiyo mabadiliko yanapokuja hakuna kilichovunjwa. Ili mshtuko uwe mshtuko, lazima kwanza kuwe na mazoea. Lakini tuwe wa haki: wimbo huo umo ndani ya albamu inayosimulia hadithi moja kwa dakika 77, na kwenye albamu hiyohiyo kuna The Spirit Carries On, wimbo wa polepole, mapigo manne manne, na kwaya ya injili inaingia mwishoni. Ni watu walewale, vidole vilevile. Anayesema Dream Theater hawana roho ameuhukumu mkono kwa kidole kimoja.

---

MsikilizajiMkongwe

Naunga mkono, ila naomba niongeze kitu kuhusu tuhuma hii ilikotoka. Bila kukijua tutabaki tunazunguka.

Waandishi wa muziki wa Uingereza na Marekani wa miaka ya 1970 walikuwa wanapima "roho" kwa kipimo cha bluzi: nota iliyovutwa, sauti iliyokwaruza, mdundo unaochelewa kidogo. Bendi kama Yes, Genesis na Emerson, Lake & Palmer hazikuchota sana huko. Zilichota kwenye nyimbo za kanisani na muziki wa okestra wa Ulaya. Katika Close to the Edge ya Yes (1972) Rick Wakeman anapiga kinanda cha mabomba, na kinanda hicho kilirekodiwa ndani ya kanisa la St Giles Cripplegate, London. Sikiliza pale sauti ya kinanda inapofunguka baada ya ule utulivu wa katikati. Aliyekulia kwenye kwaya, za huku kwetu zikiwemo, hahitaji kufundishwa hisia ile ni ipi. Ni hisia ya watu wote kusimama na kuimba beti la mwisho. Anayetafuta bluzi humo hataipata, na atasema hakuna kitu.

Halafu kuna ile habari kwamba vijana wa panki waliikataa progi nzima kwa kukosa roho. Si kweli kwa wote. John Lydon wa Sex Pistols, aliyejulikana kwa fulana iliyoandikwa kwamba anaichukia Pink Floyd, alipoalikwa redio ya Capital ya London mwaka 1977 kuchagua nyimbo anazozipenda, alipiga nyimbo za Peter Hammill, mwimbaji wa Van der Graaf Generator. Hammill ni progi tupu. Ila anaimba kama mtu anayegombana na Mungu wake, na sauti ikipasuka anaiacha ilivyopasuka.

Hata hivyo sitaki kuitetea progi yote. Tales from Topographic Oceans ya Yes (1973) ni nyimbo nne, kila moja imejaza upande mzima wa sahani, karibu dakika 20 kila upande. Kuna sehemu nzuri sana mle, lakini kuna sehemu zilizowekwa kujaza nafasi, na Wakeman mwenyewe alilalamikia jambo hilo kisha akaondoka kwenye bendi mwaka 1974. Walikuwa na muziki mwingi kuliko sahani moja na mchache kuliko sahani mbili. Hapo tuhuma inawapata sawasawa, ila kosa ni la urefu. Ufundi hauna hatia.

---

KinandaKizito

Mimi naona mmesogea karibu na penyewe ila hamjapataja: melodia inayoimbika.

Chukua Firth of Fifth ya Genesis, 1973. Inaanza na piano ya Tony Banks, zaidi ya dakika nzima, migawanyo ya 13/16 na 15/16 inapishana na mapigo ya kawaida. Kwa mpiga kinanda ule ni mlima. Lakini solo ya gitaa ya Steve Hackett inayokuja baadaye, karibu dakika tatu, haina mgawanyo wa ajabu wala kasi. Anaichukua ileile melodia ambayo filimbi ya Peter Gabriel ilikwisha kuipiga, anaivuta, anaiacha nota ilie mpaka ikaribie kufa, ndipo anaishika inayofuata. Chini yake wameweka Mellotron na besi nzito. Mpe mtu asiyejua muziki kabisa asikilize mara mbili, ya tatu atakuimbia solo nzima.

Pink Floyd walielewa hilo mapema. Money (1973) inaenda kwa mapigo saba, na saksafoni ya Dick Parry inapiga solo yake ndani ya saba hizohizo. Gitaa la David Gilmour likiingia, bendi inahamia mapigo manne ili gitaa lipate uwanja. Na katikati ya solo wanavua karibu mwangwi wote na vyombo vinapungua, gitaa linabaki kavu, kama limesogezwa sikioni. Kisha vyote vinarudi. Hapo hakuna nota ngumu hata moja, kilichofanya kazi ni mpangilio.

Tena mgawanyo mgumu ukiwa na sababu, watu wanaupokea. YYZ ya Rush (1981) imetokana na alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, nyumbani kwao, kwa lugha ya Morse, ile ya nukta na mistari. Y ni mstari, nukta, mstari, mstari. Z ni mistari miwili na nukta mbili. Mstari upe hesabu mbili, nukta moja: Y inakuwa 7, Y tena 7, Z inakuwa 6. Jumla 20, yaani robo 20 za pigo, sawa na mapigo matano kamili. Jaribuni kuigonga mezani. Ndani ya dakika mbili mkono unaishika, kwa sababu ina umbo.

Kuhusu 7/8 ya mazoezi: msihesabu "moja mbili tatu nne tano sita saba". Kwa Kiswahili hesabu hiyo ina silabi mbilimbili, na kwenye mwendo wa kasi ulimi unabaki nyuma. Gawanyeni 2+2+3 na mtumie maneno: *baba, mama, dadangu*. Silabi saba. Bendi nzima iseme pamoja, ikitembea chumbani, bila vyombo, dakika kumi kabla ya kushika chochote.

---

FundiSauti

KinandaKizito, njia ya maneno ni nzuri lakini *dadangu* itawasumbua. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: BA-ba, MA-ma, da-DA-ngu. Mkazo wa kundi la tatu unaangukia pigo la sita wakati kiki (dramu kubwa ya mguu) inatakiwa kwenye la tano. Mpiga besi atafuata ulimi, mpiga drams atafuata hesabu, watagombana wiki nzima bila kujua kwa nini. Tumieni *baba, mama, dada*, kisha pigo moja la kimya. BA-ba, MA-ma, DA-da, (pumzi). Mkazo unakaa 1, 3 na 5, na ile pumzi kwenye pigo la saba ndiyo inayoufanya wimbo upumue. Mkizoea, chombo kimoja tu ndicho kijaze pigo hilo, tena si kila mzunguko.

Sasa nije kwenye studio, maana nusu ya tuhuma ya "hawana roho" inazaliwa huko.

La kwanza, gridi, yaani ile mistari ya mapigo kwenye programu ya kurekodi. Kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500 na robo yake ni 125. Mpiga drams mzuri anaweza kuchelewesha snea milisekunde 10 hadi 20 kila mara, na ndiyo maana mdundo wake unakaa. Ukinyoosha kila pigo kwenye gridi kwa asilimia 100, huo ucheleweshaji umeufuta. Muziki wa mapigo manne unaweza kuhimili hilo kwa sababu mwili wa msikilizaji unajaza wenyewe. Muziki wa 7/8 hauhimili: mwili haujauzoea, unategemea dalili ndogondogo za mpigaji kujua kundi linaishia wapi. Kama lazima unyooshe, nyoosha asilimia 50 hadi 60, na mapigo ya mwanzo wa kila kundi tu. Mengine yaache.

Kliki nayo, ule mlio wa kuhesabu mapigo masikioni, isiwe moja wimbo mzima. Kwanza rekodini bila kliki, mpime mwendo wenu wa kawaida sehemu kwa sehemu. Mara nyingi mtakuta kiitikio kinapanda mapigo mawili matatu kwa dakika na sehemu ya utulivu inashuka. Tengenezeni kliki inayofuata ramani hiyo.

La pili, geini ya ampu, yaani kiasi ampu inavyoikuza sauti ya gitaa mpaka ikwaruze. Ukiifungua sana, kupiga kwa nguvu na kupiga taratibu vinatoka kwa ukubwa uleule. Hii ndiyo sababu kubwa ya solo nyingi za progi metali kusikika kama cherehani: kila nota ina uzito sawa na jirani yake. Punguza geini mpaka ukigusa uzi taratibu sauti itoke karibu safi, ukikaza mkono ndipo ikwaruze. Kitufe cha sauti kwenye gitaa kianzie 7, uende 10 solo ikifika kileleni. Kwenye miksi, kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ya gitaa la solo iwe na uwiano wa 2:1 au 3:1, isikandamize zaidi ya desibeli 3.

Drams za kompyuta zina ugonjwa huohuo. Programu inaweka kila pigo nguvu 100 kati ya 127. Mapigo ya chini ya snea, yale ya kunong'ona, yawe 25 hadi 45, ya mkazo yawe 105 hadi 120, na mawili yanayofuatana yasiwe na namba moja.

Ila msije mkadhani kuhariri kwenyewe ndiko kunakoua. Solo ya mwisho ya Comfortably Numb ya Pink Floyd (1979), ambayo karibu kila mtu huitaja akitaka mfano wa gitaa lenye hisia, haikupigwa kwa pumzi moja. Gilmour alirekodi solo tano au sita, akasikiliza, akaweka alama kwenye vipande vizuri vya kila moja, kisha akaviunganisha. Walichagua vipande kwa sikio. Hawakuvisogeza ili vikae sawa na rula.

---

NyuziSita

Ahsanteni sana wakuu, hasa hiyo ya mkazo wa *dadangu*. Nimeijaribu mezani sasa hivi na kweli mkono unavutwa kwenye la sita.

Swali la mwisho. Gitaa mbili kwenye 7/8, zote zinapiga nota nyingi, zinagongana na kuwa tope. Zipangweje? Moja inyamaze?

---

Toazi

Moja kunyamaza ni njia mojawapo, lakini kuna nyingine tamu zaidi.

Sikiliza Frame by Frame ya King Crimson, 1981. Fripp na Adrian Belew wanaanza pamoja kwenye saba. Kisha mmoja anadondosha nota moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo kifungu chake kina nota 13 wakati cha mwenzake kina 14. Wanaachana taratibu, nota moja moja, kama watu wawili wanaotembea kwa hatua zisizolingana, halafu wanakutana tena. Walichota wazo la vyombo kusukana kwenye gamelani, okestra ya vyombo vya kugonga ya Indonesia.

Lakini huna haja ya kwenda Indonesia. Baganda wana amadinda, marimba ya vibao 12. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja ana kifungu chake chepesi, na wanapiga kwa kupishana: nota ya huyu inaingia katikati ya nota mbili za yule. Wa tatu anakaa na vibao viwili vya juu tu, anaokota nota fulani zinazojitokeza kwenye mchanganyiko na kuzirudia juu. Melodia unayoisikia hakuna hata mmoja wao anayeipiga. Hapo pana hesabu kali kuliko progi nyingi, na watu wanacheza.

Kwenye gitaa fanyeni hivi. Andikeni kifungu cha nota 14, yaani mizunguko miwili ya saba. Gitaa la kwanza lichukue nota ya 1, 3, 5 mpaka 13, la pili lichukue 2, 4, 6 mpaka 14. Kila mmoja sasa ana nota saba badala ya 14. Moja likae nyuzi za juu, lingine nyuzi za katikati, na kwenye miksi ziwe kushoto na kulia, si kati. Wote wawili wapunguze geini kama alivyosema FundiSauti, la sivyo nota ya mmoja itabaki inalia juu ya nota ya mwenzake na mtarudi kwenye tope. Mkono wa kulia uzime kila nota mara tu ya mwenzio inapoanza.

Kosa mtakalokutana nalo mapema ni la gitaa la pili kujivuta kwenye mapigo ya la kwanza, maana mguu unataka kugonga pale mkono unapopiga. Mpiga gitaa la pili agonge mguu pamoja na mwenzake, asigonge pamoja na mkono wake mwenyewe. Anzeni mwendo wa 60, na msipande mpaka mzunguko upite mara ishirini bila mtu kuteleza. Besi isiingie kabisa siku ya kwanza.

---

NyuziSita

Nimekuelewa mkuu. Nota 14 nimeshaziandika, mwendo 60, besi inasubiri.